ARM katika CI: kinachojengwa na kinachojaribiwa

Chanjo nyingi za watoto huhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi, na baadhi yake, zikiwemo za pepopunda na za homa ya ini aina ya B, huharibika zikiganda. Kifaa kinachofuatilia friji ya zahanati kinapaswa kuwa sahihi kwenye hasi moja kama kilivyo sahihi kwenye chanya tano. Maktaba ndogo ya programu huria ninayoitunza husoma baiti zinazotoka kwenye vihisi vya aina hiyo na kuzigeuza kuwa namba ambazo programu ya Python inaweza kuzihifadhi na kuzituma. Imeandikwa kwa C, mafaili yake ni machache, na kwa muda mrefu ilikuwa ikipita majaribio yote kwenye huduma ya mtandaoni inayoyaendesha kila msimbo unapobadilishwa. Kisha mtumiaji mmoja akaandika kwamba friji yake, kwa mujibu wa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyofungwa ukutani pembeni yake, ilikuwa imefikia nyuzijoto 255.

Sababu ilipatikana jioni ileile. Mchangiaji wa zamani alikuwa ameiweka baiti ya joto kwenye kigeu cha aina ya char, na lugha ya C haisemi kama char hubeba namba hasi au haibebi. Suala hilo imeliachia kila jukwaa liamue. Kwenye Linux ya prosesa za Intel na AMD, char hubeba hasi, kwa hiyo baiti ambayo biti zake zote nane ni 1 husomwa kuwa -1. Kwenye Linux ya ARM, aina ya prosesa iliyomo kwenye Raspberry Pi, char haibebi hasi, na baiti ileile husomwa kuwa 255. Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa, haikulalamika, kwa kuwa hakukuwa na cha kulalamikia. Majaribio nayo yalikuwa sahihi, na mojawapo lilikuwa linakagua kitu hichohicho, kwamba hasi moja ikiingia itoke hasi moja. Ila yalikuwa hayajawahi kuendeshwa kwenye prosesa ya ARM hata siku moja. Marekebisho yalikuwa kuondoa char na kuweka int8_t, aina ambayo daima hubeba hasi, mahali pake.

Nimeanza na mfano huo kwa sababu mazungumzo kuhusu ARM kwenye huduma za ujumuishaji endelevu, yaani zile zinazoendesha majaribio kila msimbo unapobadilishwa, na ambazo kazini tunaziita CI basi, huishia mapema mno kwenye swali la kama programu inajengeka kwa ARM. Karibu kila kitu kinajengeka. Kompaila iliyomo ndani ya kompyuta ya Intel inaweza kutoa faili la ARM bila kuwapo chipu ya ARM hata moja jengo zima, na kazi hiyo imekuwa ikifanyika tangu enzi ambazo wengi wetu tulikuwa bado shule ya msingi. Msimamo wangu ni kwamba mradi ambao majaribio yake hayaendeshwi kwenye chipu yenyewe, kwa kila badiliko, bado haujafika ARM. Na nikitazama nyuma naona kwamba ufundi wa waandishi ulikuwa na sehemu ndogo katika kuamua mradi upi ufike na upi usifike. Kilichoamua zaidi ni nani alikuwa tayari kuziweka mashine hizo mawinguni, kulipia umeme wake, na kuwaachia watu wasiolipa wazitumie.

Usanifu wenyewe si mgeni. Sophie Wilson na Steve Furber waliubuni katika kampuni ya Acorn mjini Cambridge, Uingereza, na chipu ya kwanza ikafanya kazi Aprili 1985. Leo simu za mkononi tunazozishika, ya mwendesha bodaboda na ya waziri, zina prosesa za ARM. Vivyo hivyo ruta nyingi za intaneti, na kompyuta ndogo za Raspberry Pi ambazo shule zisizo na mtandao huweza kuzigeuza seva za masomo kwa programu kama Kolibri. Lakini laptopu ambazo programu ziliandikiwa, na seva ambazo zilizijaribu, zilikuwa za x86, usanifu wa prosesa za Intel na AMD. Mwaka 2019 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alitoa hoja ambayo bado inarejewa mara kwa mara: kwamba watu hupendelea kupeleka kwenye seva kile wanachokiendesha wao wenyewe kwenye kompyuta zao, na kwamba maadamu waandishi wa programu hawana mashine za ARM mezani, seva za ARM zitabaki nyuma hata zikiwa nafuu. Hoja ilikuwa na nguvu, ila ilikuwa na upenyo. Ikiwa huduma ya CI inaendesha majaribio kwenye ARM kila mara na kumletea mwandishi jibu ndani ya dakika chache, kompyuta iliyopo mezani inapungua umuhimu. Torvalds mwenyewe, inafaa kusema, alitoa Linux 5.19 mwishoni mwa Julai 2022 akitumia laptopu ya ARM.

Watu wa Debian, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux, hawakuwahi kuingoja huduma ya mtu. Wao hujenga vifurushi vya kila usanifu kwenye mashine za usanifu huohuo, majaribio ya kifurushi yakiendeshwa palepale kinapojengwa, na ndivyo ARM ya biti 64 ilivyoingia rasmi kwenye Debian 8, Aprili 2015. Miradi mingi midogo ilipata habari za hitilafu zake za ARM kupitia njia hiyo tu: miezi kadhaa baada ya toleo kutoka, barua inafika kutoka kwa mtunza vifurushi wa Debian ikisema jaribio fulani limeanguka kwenye arm64, yaani ARM ya biti 64, na mwenye mradi anajibu kwa unyenyekevu kwamba hana mashine ya kuangalizia. Nimesoma majibu ya namna hiyo mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Kwa wingu, mlango ulifunguliwa kwa misaada. Packet, kampuni ya New York iliyokuwa ikikodisha seva halisi, ilianza mwaka 2016 kukodisha seva za ARM zenye kori (viini vya ukokotoaji) 96 za Cavium ThunderX, na kwa ushirikiano na kampuni ya Arm ikawa inazigawa kwa miradi ya programu huria kupitia mpango wa Works on Arm. Juu ya mashine za Packet zikajengwa huduma nyingine. Drone Cloud, huduma ya CI, ilizinduliwa Novemba 2018 ikiwa bure kwa programu huria, ikiwa na ARM ya biti 32 na ya biti 64. Travis CI, ambayo wakati huo ilikuwa kama mtaa ambao kila mradi huria ulikuwa na nyumba, ilitangaza ARM Oktoba 2019: mstari mmoja wa arch: arm64 kwenye faili la mipangilio, na majaribio yako yanakimbia ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ya programu, kwenye chipu halisi. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Kisumu au Bujumbura, ambaye kununua seva ya ARM halikuwa jambo la kufikiriwa hata kwa mzaha, mstari ule ulikuwa na thamani kubwa.

Kisha msaada ukafanya kinachofanywa na misaada. Packet ilinunuliwa na Equinix mwaka 2020. Drone ilinunuliwa na Harness mwaka huohuo. Novemba 2020 Travis CI ilibadilisha utaratibu wa matumizi ya bure, na miradi huria ikaanza kuhama kwa makundi. Mashine zilizokuwa za Packet ziliendelea chini ya jina la Equinix Metal, lakini Novemba 2024 Equinix ikatangaza kwamba huduma hiyo itafungwa mwishoni mwa Juni 2026. Simlaumu yeyote kati yao, kwani seva ya kori 96 haijiendeshi kwa shukrani. Nasema tu kwamba mradi uliojenga majaribio yake ya ARM juu ya bajeti ya matangazo ya kampuni nyingine ulikuwa umepanga nyumba isiyo na mkataba, na kati ya 2020 na 2024 wengi wao waliikuta imefungwa.

Wengi walihamia GitHub Actions, huduma ya CI ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo inayomilikiwa na Microsoft, iliyofunguliwa kwa wote Novemba 2019, na ambayo mashine zake za bure za Linux zilikuwa za x86 peke yake. Hapo ndipo QEMU ilipochukua nafasi ambayo haikustahili kupewa. QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, ni kiigizi: inasoma amri za prosesa moja na kuzitafsiri papo kwa papo kuwa amri za prosesa nyingine. Linux ina kipengele kiitwacho binfmt_misc, ambacho huifanya kenel, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikikutana na faili ambalo kichwa chake kinasema ni la ARM, ilikabidhi kwa QEMU badala ya kulikataa. Docker, programu ya kujenga na kuendesha makontena, ikaunganisha vitu hivyo viwili kwenye chombo chake cha buildx, na ghafla mtu akawa anaweza kuandika jina la jukwaa moja zaidi kwenye amri ileile na kupata kontena la ARM kutoka kwenye mashine ya Intel. Ni ufundi wa kuvutia, nami nausifu bila kinyongo. Tatizo ni pale ulipokubaliwa kuwa jibu la kutosha.

Tatizo la kwanza ni kasi. Ujenzi wa dakika tatu hugeuka nusu saa na ushee, na miradi mizito ya Rust au ya C++ ilikuwa ikikutana na kikomo cha saa sita ambacho GitHub imekiweka kwa kazi moja. Watu walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye foleni ndefu angefanya: waliiacha QEMU ijenge, wakayaruka majaribio. Vifaa vyenyewe viliwarahisishia. Cibuildwheel, ambayo hutengeneza vifurushi vya Python kwa majukwaa mengi, ina kipengele rasmi cha kuruka majaribio kwa usanifu utakaoutaja. Matokeo yake ni kwamba kuanzia 2019, kiwango cha vifurushi vya Python vya Linux kiitwacho manylinux2014 kiliporuhusu aarch64, jina jingine la ARM ya biti 64, orodha za vifurushi vya Python zilianza kujaa mafaili ya ARM ambayo baadhi yake hayakuwahi kutekeleza mstari hata mmoja wa majaribio kabla ya kumfikia mtumiaji. Kosa la char lingeonekana wazi ndani ya QEMU, kwa kuwa huamuliwa wakati wa kukompaili. Lilipita kwa sababu QEMU ilikuwa inajenga tu.

Tatizo la pili ni zito zaidi, na ndilo lililonishawishi kabisa kwamba kiigizi hakiwezi kuwa hakimu wa mwisho. Maktaba ninayoisema ina nyuzi mbili za utekelezaji, yaani sehemu mbili za programu zinazokwenda kwa wakati mmoja. Uzi wa kwanza husoma kihisi, huandika kipimo kwenye kumbukumbu, halafu huinua bendera, yaani hubadilisha kigeu kimoja kutoka 0 kuwa 1 ili kuashiria kwamba kipimo kipo tayari. Uzi wa pili hutazama bendera, na ukiiona imeinuliwa huchukua kipimo. Bendera hiyo, pamoja na kipimo chenyewe, ilikuwa imetangazwa kuwa volatile, desturi iliyoenea sana kwenye msimbo wa C wa vifaa vidogo, na ambayo humzuia kompaila asiibadilishe mpangilio wa maandishi hayo mawili. Haimzuii prosesa.

Prosesa za x86 zina nidhamu kali katika jambo hili: kori moja ikiandika kitu cha kwanza kisha cha pili, hakuna kori nyingine itakayokiona cha pili kabla ya cha kwanza. ARM haitoi ahadi hiyo. Ili kuokoa muda na nishati, inaruhusu maandishi kuonekana kwa kori nyingine kwa mpangilio tofauti, mradi kori iliyoyaandika yenyewe isihisi tofauti. Kwa hiyo kwenye ARM inawezekana kabisa uzi wa pili uione bendera imeinuka ilhali kipimo kilichopo kwenye kumbukumbu bado ni kile cha mzunguko uliopita. Kwa friji maana yake ni kwamba joto lililoandikwa saa nne na dakika kumi ni lile la saa nne na dakika tano. Hakuna kilichoanguka, hakuna ujumbe wa hitilafu, na namba yenyewe inaonekana ya kawaida. Dawa yake kwenye C11 ni kuifanya bendera kuwa ya aina ya atomiki, iandikwe kwa memory_order_release na isomwe kwa memory_order_acquire. Ukiutazama msimbo unaotoka, kwenye x86 hakuna kilichobadilika, bado ni amri zilezile za mov; kwenye AArch64 zimeingia amri mbili, stlr na ldar, ambazo kazi yake ni kuweka mpangilio huo.

Sasa tazama kinachotokea ukiuendesha msimbo wenye kasoro hiyo ndani ya QEMU kwenye seva ya Intel. QEMU hutafsiri maandishi ya ARM kuwa maandishi ya x86, na maandishi ya x86 huonekana kwa mpangilio daima. Kasoro haiwezi kutokea. Unaweza kuliendesha jaribio mwezi mzima mfululizo, na litapita, kwa sababu kilicho chini ni mashine yenye nidhamu kuliko ile inayoigizwa. Jaribio hilohilo la kurudia uandishi na usomaji mamilioni ya mara, lilipowekwa kwenye mashine halisi ya ARM yenye kori nne, halikuchukua hata dakika moja kuanguka. Kuna mambo mengine madogo ambayo QEMU ya kawaida haiyafanyi, kama vile ptrace, hivyo vifaa vya kutafutia hitilafu vinavyoitegemea havifanyi kazi humo. Lakini hayo ni usumbufu tu. Hili la mpangilio wa kumbukumbu ni jibu la uongo lenye alama ya kijani.

Wapo watakaosema kwamba tangu Apple ilipotangaza chipu ya M1, Novemba 2020, hoja hii imepitwa na wakati kwa kuwa waandishi wengi wana ARM mezani. Kwanza, ni wengi wa wapi? Bei ya MacBook dukani Kariakoo ni mishahara kadhaa ya mwandishi chipukizi wa programu, na laptopu nyingi ninazoziona kwenye mikutano yetu ni za Intel zilizokwishatumika Ulaya au Dubai kabla ya kutufikia. Pili, na hili hata wenye Mac wengi hawalijui, kwenye majukwaa ya Apple char hubeba hasi hata juu ya ARM, kwa sababu Apple iliamua hivyo. Mwenye M1 angeendesha majaribio yangu yote na kuiona -1 yake kama kawaida. Kurasa za kumbukumbu, yaani vipande ambavyo mfumo huigawia kumbukumbu, nazo ni za kilobaiti 16 kwenye macOS ya M1, wakati Linux nyingi za ARM hutumia kilobaiti 4, na baadhi, kama RHEL 8, Linux ya kampuni ya Red Hat, kwenye ARM, hutumia 64. Programu iliyokadiria ukubwa huo wakati wa kujengwa inaweza kukataa kuwaka kwenye mashine nyingine. Kugawanya namba kamili kwa sifuri huiua programu kwenye x86 na hutoa sifuri kimyakimya kwenye ARM. Usanifu, mfumo endeshi na kenel huingiliana, na njia ya kujua ni kuendesha majaribio pale programu itakapokaa.

Njia nyingine iliyokuwapo muda wote ni kuweka mashine yako mwenyewe. GitHub, kwa mfano, inaruhusu Raspberry Pi iliyo chini ya meza yako ijisajili kama mtendaji wa kazi za CI. Nimeiendesha kwa muda. Umeme ukikatika kadi ya kumbukumbu huweza kuharibika, bando likiisha foleni inasimama, na mchangiaji wa Brazili anabaki akishangaa kwa nini ombi lake la kuunganisha msimbo lina alama ya njano tangu jana. Hayo yanavumilika. Lisilovumilika ni usalama: kwenye hazina ya msimbo iliyo wazi kwa umma, mtu yeyote anaweza kuleta ombi lenye msimbo wa kuiba au kuharibu, na msimbo huo ukaendeshwa ndani ya mtandao wa nyumba yako, jirani na simu za watoto. GitHub yenyewe inashauri mashine binafsi zisitumike kwa hazina za umma, na ushauri huo ni wa kufuatwa.

Mabadiliko ya kweli yalisukumwa na hesabu za fedha za wenye wingu. Amazon ilileta chipu yake ya kwanza ya ARM, Graviton, mwishoni mwa 2018, na Graviton2, iliyoanza kupatikana kwa wateja Mei 2020, iliuzwa kwa madai ya uwiano wa bei na utendaji ulio bora kwa hadi asilimia 40. Oracle ikaleta seva za ARM zenye chipu za kampuni ya Ampere mwaka 2021, Microsoft na Google zikafuata 2022, kisha Microsoft ikatengeneza chipu yake, Cobalt 100. Desemba 2024 Amazon ilisema kwamba kwa miaka miwili mfululizo zaidi ya nusu ya uwezo mpya wa prosesa iliouweka kwenye vituo vyake ulikuwa wa Graviton. Mteja aliyehamishia seva zake kwenye ARM ili apunguze bili hawezi kukubali kujaribu kwenye x86, na huyo ni mteja anayelipa. CircleCI ilikuwa na ARM kuanzia 2021. GitHub ilileta mashine za Linux za ARM kwa wateja wa kulipia katikati ya 2024, kwa bei ambayo yenyewe iliitaja kuwa chini kwa asilimia 37 ikilinganishwa na za x86, na Januari 2025 ikazifungua bure kwa hazina za umma: kori nne, lebo ya ubuntu-24.04-arm, bila kuomba kwa mtu. Agosti 2025 ikaziondoa kwenye kipindi cha majaribio.

Kwa mradi wangu uhamisho wote ulikuwa mstari mmoja kwenye orodha ya mashine. Kazi ya ARM, iliyokuwa ikimaliza ya mwisho kwa mbali, ikawa inamaliza pamoja na wenzake, mara nyingine mbele yao. Majaribio yaliyokuwa yakirukwa yakarudishwa. Makontena yakaanza kujengwa kila moja kwenye chipu yake, kisha yakaunganishwa chini ya jina moja kwa docker buildx imagetools, na QEMU ikaondolewa kwenye njia hiyo. Ombi la kwanza lililokataliwa na mashine ya ARM peke yake lilikuja mapema, na lilihusu ugeuzaji wa namba za desimali kuwa namba kamili: x86 ikipewa namba kubwa isiyotosha hurudisha thamani moja maalumu ya hasi, ARM hurudisha kikomo cha juu kinachowezekana. Lugha ya C haiahidi lolote kati ya hayo mawili. Mchangiaji alirekebisha kabla sijafungua kompyuta asubuhi, kwa sababu jibu lilimfikia yeye moja kwa moja.

Mradi wa lugha ya Rust ndio ulioyaandika mambo haya waziwazi kuliko mingine. Una madaraja ya majukwaa: daraja la pili limehakikishwa kujengeka, daraja la kwanza limehakikishwa kufanya kazi, na tofauti kati yao ni kwamba jukwaa la daraja la kwanza huendeshewa majaribio yote kabla badiliko halijakubaliwa. Linux ya ARM ya biti 64 ilipandishwa daraja la kwanza kwenye Rust 1.49, mwisho wa Desemba 2020. Mac ya ARM ilisubiri hadi Rust 1.82, Oktoba 2024, miaka minne baada ya M1 kuingia sokoni, ingawa kwa muda wote huo maelfu ya watu walikuwa wakiitumia Rust kwenye Mac hizo bila shida. GitHub ilikuwa imeziweka mashine za M1 bure kwa hazina za umma Januari mwaka huohuo. Halafu mwaka 2025 upepo ukageuka: Mac ya Intel ikashushwa daraja la pili kwenye Rust 1.90, na miongoni mwa sababu zilizotajwa, pamoja na Apple kutangaza mwisho wa Intel, ilikuwa kwamba GitHub ilikuwa mbioni kuondoa mashine za bure za Mac za Intel. Jukwaa lililokuwa la kwanza kwa miaka lilishuka bila msimbo wake kuharibika.

Hilo linanipa wasiwasi kiasi kuhusu upande wetu, kwani kinachotolewa bure na kampuni moja huondolewa na kampuni hiyohiyo, kama ilivyokuwa kwa waliotangulia. Faraja niliyonayo ni ya kibiashara: safari hii mashine za bure ni makombo ya karamu ambayo wenyewe wanaila, na maadamu Cobalt na Graviton zinaendesha biashara zao wenyewe, kori nne za kugawa hazitawaumiza.

Waliobaki nje ni watumiaji wa ARM ya biti 32. Raspberry Pi za zamani bado zinafanya kazi kwenye maabara za shule na ofisi nyingi, na nyingi zina mfumo wa biti 32 kwa sababu Raspberry Pi OS ya biti 64 ilitoka rasmi Februari 2022 tu. Si kila chipu ya seva ya ARM inayoweza kuendesha msimbo wa biti 32. ThunderX ya Packet haikuweza, na chipu za Apple za M1 haziwezi. Fedora iliacha ARM ya biti 32 kwenye toleo la 37, mwaka 2022. Debian 13 bado inayo armhf, yaani ARM ya biti 32, na piwheels bado inawajengea watu wa Raspberry Pi vifurushi vya Python vya biti 32, kazi ambayo haitajwi inavyostahili. Kwa upande wangu, kazi ya armhf bado inapitia QEMU. Inaendeshwa usiku ili isiwazibie wengine njia, nayo hukagua ukubwa wa namba, mpangilio wa baiti na ile hasi moja. Majaribio ya nyuzi mbili na bendera yake nimeyazima humo kabisa, na kabla ya kila toleo nayaendesha kwa mkono kwenye Pi 2 iliyobaki.